Safari ya chupa tupu: mitambo, amana na mvutano wa kioo na plastiki Ujerumani

Katika viwanda vya vinywaji vya Ujerumani, kamera na roboti ndizo zinazoamua chupa ipi ioshwe na kujazwa tena, na ipi ivunjwe. Lakini mitambo ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyoipa nguvu chupa ya plastiki inayotumika mara moja tu. Makala ya mazingira inafuatilia safari ya chupa tupu, kutoka mlangoni mwa duka hadi kiwandani.

Jumamosi asubuhi, ndani ya karibu kila duka kubwa la vyakula nchini Ujerumani, watu hujipanga safu wakiwa na mifuko iliyojaa chupa na makopo matupu. Ukutani mna tundu la mviringo, na kila mmoja akifika hapo huitia chupa yake ikitanguliza kitako. Mtambo huizungusha chupa, huzisoma alama zake, huimulika, kisha huimeza. Mwisho hutoa kijikaratasi chenye kiasi cha fedha, na keshia hukipokea kijikaratasi hicho kana kwamba ni noti. Kwa mgeni aliyewasili jana huo ni mchezo. Kwa Mjerumani ni kazi ya nyumbani kama kufagia ngazi.

Tundu ni moja, lakini nyuma ya ukuta njia zinaachana. Chupa ya kioo ya bia husimama wima juu ya mkanda, hupelekwa polepole hadi kwenye kreti, na baada ya siku kadhaa itarudi kiwandani ikiwa nzima. Chupa nyembamba ya plastiki ya maji, iliyolipiwa amana kubwa zaidi, hukandamizwa papo hapo na kuwa bapa kama chapati. Ya kwanza itajazwa tena kinywaji. Ya pili itasagwa, itayeyushwa na, ikibahatika, itakuwa chupa mpya. Wanunuzi wengi hudhani kwamba zote mbili zina ajali moja, na dhana hiyo ndiyo inayowasumbua watetezi wa mazingira nchini humo kwa zaidi ya miaka 20 sasa.

Msikilizaji aliyekulia Mombasa, Mwanza au Bujumbura hahitaji kuelezwa sana maana ya chupa ya kurudishwa. Kwa miaka mingi soda ilinywewa papo hapo dukani, chupa ikabaki kwa mwenye duka. Na aliyetaka kuondoka nayo aliacha fedha au alileta chupa nyingine ya kubadilishana. Chupa za bia ya Primus huko Burundi, Rwanda na Kongo zimesafiri kwa mtindo huo huo, ndani ya kreti, kutoka kiwandani hadi vijijini na kurudi. Tofauti ya Ujerumani haimo katika wazo lenyewe. Imo katika kiwango ambacho wazo hilo limekabidhiwa mashine.

Mashine ya kupokea chupa haikuzaliwa Ujerumani. Ndugu wawili wa Norway, Petter na Tore Planke, waliunda mwaka 1972 mtambo ulioweza kupokea chupa za aina mbalimbali kupitia tundu moja, baada ya mwenye duka mmoja kulalamika kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakimaliza muda kwa kuhesabu chupa tupu. Kampuni waliyoianzisha, TOMRA, bado ni miongoni mwa majina makubwa ya kazi hiyo duniani. Siku hizi mtambo husoma alama ya mistari iliyomo kwenye lebo, hupima umbo na uzito, na katika chupa za Ujerumani za kutumika mara moja hutafuta pia nembo maalumu iliyochapwa kwa wino ambao mashine inaweza kuutambua, ili mtu asije akabandika lebo ya kughushi.

Hata hivyo palipo na fedha hapakosi mjanja. Mwaka 2016 mahakama ya mjini Cologne ilimhukumu mfanyabiashara mmoja wa vinywaji aliyeuchezea mtambo wake kwa namna ambayo chupa moja ilihesabiwa kisha ikanusurika kukandamizwa. Aliipitisha chupa hiyo hiyo mara 177,451, na kwa senti 25 kila mara akajipatia zaidi ya Euro 44,000. Kwa haki kabisa inaweza kusemwa kwamba hakuna chupa ya plastiki iliyowahi kutumika tena na tena kama ile.

Turudi kwenye chupa ya kioo, kwa kuwa hapo ndipo ufundi wa viwanda vya Ujerumani unapoonekana vyema. Mwaka 1969 ushirika wa wenye visima vya maji ya madini uliamua kwamba wanachama wake wote watatumia chupa ya aina moja. Mbunifu Günter Kupetz aliwachorea chupa ya ujazo wa lita 0.7, yenye kiuno chembamba cha kushikia na vipele vidogo 230 shingoni vinavyofanana na mapovu ya maji yenye gesi. Zaidi ya chupa bilioni 5 za namna hiyo zimekwisha kutengenezwa. Uzuri wake si wa macho tu. Kwa kuwa kila kisima kinatumia chupa ile ile, chupa iliyonunuliwa kaskazini, karibu na bahari, haina haja ya kurudishwa kwa mwenyewe. Kiwanda kilicho jirani zaidi huichukua, huiosha na kuijaza maji yake. Ushirika huo wa chupa ulikuwa umekwisha kusimama muda mrefu kabla neno mazingira halijaingia kwenye kampeni za uchaguzi.

Chupa zikifika kiwandani kwa lori, kazi ya kwanza ni kujua ni kitu gani kimeletwa. Zamani watu walisimama mbele ya kreti wakichagua kwa mikono: hii ya kwetu, hii ya jirani, hii ina kisoda cha sigara ndani. Leo kamera hutazama kreti kutoka juu na kompyuta hutambua rangi, urefu na umbo la kila chupa; mikono ya roboti huzishika shingo kwa mkupuo mmoja na kuzipeleka kila moja kwenye mkanda wake. Kazi hii imekuwa ngumu zaidi, si rahisi zaidi. Viwanda vingi vya bia vimeacha chupa za pamoja na kujitengenezea chupa zenye jina lao lililochongwa kwenye kioo, ili bidhaa ipendeze machoni mwa wanunuzi. Chupa ya namna hiyo haiwezi kujazwa na mwingine. Ni lazima ichaguliwe, ipangwe upya na kusafirishwa mpaka kwao, hata kama kwao ni umbali wa kilomita 500. Roboti, kwa maneno mengine, inalipwa kwa kusahihisha kile ambacho idara ya matangazo imekiharibu.

Kisha inafuata mashine ya kuoshea, yenye ukubwa wa nyumba. Chupa huingizwa safu kwa safu ndani ya vikombe vinavyosogea, na kutumbukizwa kwenye maji ya moto ya takriban nyuzi 80 yaliyochanganywa na kostiki soda. Lebo hubanduka na kutolewa nje, gundi huyeyuka, vijidudu hufa. Baada ya hapo chupa husuuzwa mara kadhaa kwa maji yanayozidi kuwa baridi na safi, kwani kioo hakipendi kushtuliwa ghafla kutoka kwenye moto. Maji hayo hutembea kinyume na mwendo wa chupa: yale safi kabisa husuuza mara ya mwisho, kisha hurudishwa nyuma kusuuza chupa ambazo bado ni chafu, na joto lake hutumika kupasha moto maji mengine. Hapa ndipo sehemu kubwa ya hesabu ya mazingira inapofanyika, kwani kupasha maji moto kunakula nishati, na mashine ya zamani isiyorudisha joto huweza kuyapoteza manufaa yaliyopatikana kwa kutotengeneza chupa mpya.

Anayetoka hapo hukutana na hakimu. Katika viwanda vya zamani hakimu huyo alikuwa mtu, mara nyingi mwanamke, aliyeketi mbele ya ubao wenye mwanga mweupe huku chupa zikipita mbele ya macho yake mfululizo. Alipaswa kuona ufa mdomoni, mdudu aliyenasa kitakoni, kipande cha karatasi kilichogoma kutoka. Wafanyakazi walipokezana baada ya muda mfupi, maana jicho huchoka na chupa haichoki. Siku hizi kamera hupiga picha za mdomo, kitako na ubavu wa kila chupa, na vifaa vingine vya mionzi ya infraredi na mawimbi ya redio hutafuta matone ya kostiki yaliyosalia ndani. Chupa ikionekana na kasoro, kidole cha chuma huisukuma pembeni kabla ya kupepesa jicho. Mkondo mmoja katika kiwanda kikubwa unaweza kupitisha chupa 60,000 kwa saa. Hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kwenda kwa kasi hiyo.

Kwa chupa za plastiki nene, zile zinazojazwa tena, yapo majaribio zaidi. Kioo hakinyonyi harufu, plastiki hunyonya. Mtu akitia petroli au dawa ya kusafishia ndani ya chupa tupu ya maji kisha akairudisha dukani, kuosha peke yake hakutoshi. Kwa sababu hiyo vimewekwa vifaa vya kunusa, ambavyo hufyonza hewa kidogo kutoka ndani ya chupa na kuipima. Chupa inayotia shaka haijadiliwi, hutolewa. Ni kwa uangalizi wa namna hii kwamba chupa ya kioo inaweza kujazwa hadi mara 50, na ile ya plastiki nene hadi mara 25, kabla ya kustaafu na kuyeyushwa.

Swali la ajira haliepukiki. Waliokuwa wakinyanyua kreti kwa migongo yao, wakichagua chupa na kuzikodolea macho, hawapo tena. Mikondo inayojaza maelfu ya chupa kwa saa husimamiwa na watu wachache wenye kujua umeme, mitambo na kompyuta. Katika nchi yenye upungufu wa mafundi na mishahara mikubwa, mabadiliko hayo yalipita bila kelele nyingi. Kampuni zinazounda mitambo hii, kama Krones ya Neutraubling katika jimbo la Bavaria na KHS ya Dortmund, zinaiuza duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo, na huko hesabu ya mkono wa mtu na mkono wa roboti ni nyingine kabisa. Kiwanda cha kule kinaweza kuichukua kamera ya ukaguzi kwa sababu ya usalama wa mnywaji, na kuiacha roboti ya kupanga kreti, bila kuonekana kwamba kimebaki nyuma.

Upande wa pili wa ukuta nao una ufundi wake, na itakuwa dhuluma kuupuuza. Plastiki ya chupa za vinywaji, iitwayo PET, iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 kwa ajili ya nyuzi za nguo; chupa yake ilisajiliwa Marekani mwaka 1973 kwa jina la Nathaniel Wyeth, mhandisi wa kampuni ya DuPont. Chupa iliyokandamizwa dukani hufungwa pamoja na nyingine katika marobota na kupelekwa kwenye kiwanda cha kuchakata. Huko mionzi ya infraredi hutambua aina ya plastiki na kamera hutambua rangi, na pumzi za hewa iliyobanwa huirusha kila chupa kwenye fungu lake. Zikisha kusagwa, chenga hutiwa majini: vifuniko, ambavyo ni vya plastiki nyepesi, huelea, chenga za PET huzama. Jambo jepesi, lakini kazi yote imesimama juu yake. Chenga zilizozama huoshwa kwa kostiki, hukaushwa, huyeyushwa na kurudishiwa uimara wake kwa joto, kisha humiminwa kuwa vichupa vichanga vinene, vyenye shingo kamili na kiwiliwili kama mrija wa maabara. Katika kiwanda cha vinywaji kichupa hicho hupashwa moto kwa taa, huingizwa ndani ya kalibu na kupulizwa hewa yenye mgandamizo mkubwa. Kwa chini ya sekunde mbili chupa imezaliwa, na hatua moja mbele inajazwa.

Faida ya chupa hiyo ni wepesi. Chupa ya lita moja na nusu ina uzito wa takriban gramu 30, ilhali ile ya kioo ya lita 0.7 inakaribia gramu 600. Lori la plastiki hubeba maji. Lori la kioo hubeba maji na kioo, na safari ya kurudi hubeba kioo na hewa. Ndiyo maana umbali ni suala kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Chupa ya kioo inayozunguka kati ya kisima na miji ya jirani ina rekodi nzuri. Chupa hiyo hiyo ikivushwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine, kwa sababu tu mnunuzi wa Hamburg anataka kunywa maji ya milima ya kusini, sifa yake huanza kuyeyuka njiani. Ni vyema kulisema hili, kwani baadhi ya watetezi wa kioo hulitaja kwa sauti ya chini.

Vipi basi nchi inayojivunia chupa ya kurudishwa ilijikuta imezama kwenye plastiki ya mara moja? Hadithi inaanza kwa Klaus Töpfer, waziri wa mazingira kutoka chama cha CDU, yule aliyejitosa na kuogelea katika mto Rhine mwaka 1988. Mwaka 1991 Töpfer alitoa amri ya vifungashio. Ndani yake mlikuwa na kitisho: iwapo kiwango cha vinywaji vilivyofungashwa katika vyombo vya kujazwa tena kitashuka chini ya asilimia 72, amana ya lazima itawekwa juu ya vyombo vya kutumika mara moja. Mwaka 1997 kiwango kilishuka chini ya mpaka huo. Baada ya miaka ya kesi na mabishano, alikuwa waziri wa chama cha walinzi wa mazingira, Jürgen Trittin, aliyeitekeleza amri ya mtangulizi wake, kuanzia tarehe mosi Januari 2003. Wakati huo Töpfer mwenyewe alikuwa Nairobi, akiliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, kazi aliyoifanya tangu 1998 hadi 2006. Alifariki dunia mwezi Juni 2024.

Miezi ya mwanzo ilikuwa vurugu tupu. Makopo yalitoweka kwenye rafu za maduka mengi kama yaliyofagiwa. Kila kundi la maduka liliruhusiwa kupokea vyombo vya aina yake tu, kwa hiyo mnunuzi alilazimika kukumbuka kila chupa aliinunua wapi. Ni tarehe mosi Mei 2006 tu ndipo ulipopatikana utaratibu mmoja wa nchi nzima: duka linalouza chupa za plastiki za mara moja lipokee chupa zote za plastiki za mara moja, na linalouza makopo lipokee makopo yote. Amana ni senti 25, chombo kiwe kikubwa au kidogo. Mwaka 2022 utaratibu huo ulipanuliwa hadi kwenye maji ya matunda, na mwaka 2024 hadi kwenye maziwa yaliyomo katika chupa za plastiki.

Kwa kukusanya, mafanikio ni makubwa: zaidi ya asilimia 95 ya vyombo vyenye amana hurudi. Barabara ni safi, na plastiki inayopatikana ni safi pia, haikuchanganyika na mabaki ya jikoni. Lakini lengo la asili lilikuwa kuiokoa chupa ya kujazwa tena, na hilo halikufikiwa. Maduka ya bei nafuu yaligundua kwamba yakishaweka mtambo wa kukandamiza, hayana haja ya kreti, ghala wala lori la kurudisha kioo. Plastiki iliyokandamizwa hugeuka bidhaa yenye thamani mikononi mwao. Kundi linalomiliki maduka ya Lidl lilikwenda mbali zaidi, likajenga viwanda vyake lenyewe vya vinywaji na vya kuchakata, na mwaka 2023 likatangaza kwa nguvu kwenye televisheni kwamba chupa yake inayozunguka kwa kuyeyushwa na kuundwa upya ni miongoni mwa zile rafiki kabisa kwa mazingira. Jumuiya za utetezi wa mazingira zilipinga, zikisema hesabu iliyotumika ililinganisha mfumo bora wa plastiki na mfumo wa wastani wa kioo. Pande zote mbili zina wataalamu wao, na mnunuzi amebaki katikati na mfuko wake.

Sheria ya vifungashio iliyoanza mwaka 2019 iliweka lengo la asilimia 70 kwa vyombo vya kujazwa tena. Hali halisi ya miaka iliyofuata ilikuwa kidogo juu ya asilimia 40. Bia ndiyo iliyobaki imara, kwani Mjerumani bado anaamini bia ni ya kioo. Maji na soda ndiyo yaliyohama. Sheria hiyo iliyalazimisha pia maduka kuandika kwa herufi kubwa pale rafuni iwapo chupa ni ya kujazwa tena au ya mara moja. Kuandikwa kumesaidia kiasi, lakini neno amana lenyewe limekwisha kujijengea sifa ya wema, na anayelipa senti 25 kwa chupa ya mara moja huondoka akijiona amefanya tendo jema kumshinda jirani aliyelipa senti 8 kwa chupa ya bia.

Senti hizo 25 zimezaa pia kazi ambayo haikuandikwa katika amri yoyote. Wazee wenye pensheni ndogo, wasio na ajira, wakimbizi na wanafunzi huonekana kwenye vituo vya treni na nje ya viwanja vya mpira wakichungulia mapipa ya taka kwa tochi. Miji kadhaa imefunga kwenye nguzo za mapipa pete za chuma au vibao vya kuweka chupa, ili asiyetaka kurudi nayo nyumbani aiache wazi na mwenzake asiingize mkono kwenye uchafu. Mtambo wa dukani haumuulizi mtu ametoka wapi na chupa zake. Ni moja kati ya madirisha machache ya malipo nchini humo yasiyodai kitambulisho.

Kuhusu chupa ya karatasi, iliyosifiwa sana, inatosha kusema machache. Kampuni ya bia ya Carlsberg ya Denmark ilianza kuihangaikia mwaka 2015, na mwaka 2022 ikagawa chupa 8,000 za majaribio katika nchi nane za Ulaya. Kila moja ilikuwa na ngozi nyembamba ya plastiki kwa ndani, ingawa ya asili ya mimea, kwani karatasi tupu haiwezi kuzuia bia wala gesi yake. Kufinyanga nyuzi za mbao na kuzikausha kunachukua muda mrefu kuliko kupuliza plastiki, na katika viwanda vya vinywaji muda ndio bei. Boksi za maziwa nazo, ambazo wengi huziita za karatasi, ni tabaka za karatasi ngumu, plastiki na mara nyingi madini ya alumini. Kuzitenganisha kunahitaji mtambo maalumu.

Umoja wa Ulaya umeingia pia. Tangu Julai 3, 2024 kifuniko cha chupa ya plastiki ya kinywaji hakina budi kubaki kimeshikamana na chupa, jambo lililowalazimisha wenye viwanda kubadili kalibu na mashine za kufunga katika bara zima, na lililowakasirisha wanywaji ambao pua zao hukwaruzwa. Tangu mwaka 2025 chupa za PET zinatakiwa kuwa na angalau asilimia 25 ya plastiki iliyochakatwa, na mwaka 2029 nchi wanachama zinapaswa kuwa zinakusanya asilimia 90 ya chupa za plastiki. Kanuni mpya ya vifungashio, iliyopata nguvu ya sheria Februari 2025 na kupangiwa kuanza kutumika Agosti 12, 2026, inazitaka pia kampuni za vinywaji zifikie viwango fulani vya kujazwa tena. Nchi ambazo miaka ya nyuma zilivunja mikondo yao ya kuoshea zitalazimika kununua mashine upya.

Ujerumani, ambayo haikuivunja, inasumbuliwa na jambo dogo zaidi. Amana ya chupa ya bia imebaki senti 8, na ya kreti Euro 1 na senti 50. Kreti kamili yenye chupa 20 tupu ina thamani ya Euro 3 na senti 10, na wapo wanaoona si fedha ya kushuka nayo ngazi. Kreti hulala chini ya nyumba kwa miezi. Wakati wa joto kali la mwaka 2018 kiwanda cha bia cha Moritz Fiege mjini Bochum kilikuwa na bia ya kutosha lakini hakikuwa na chupa za kuitia, kikawaomba wateja wake warudishe kreti zao kabla ya kwenda likizo. Roboti zilikuwapo, kamera zilikuwapo, mashine ya kuoshea ilikuwa tayari.

Dawa inayotajwa mara kwa mara ni kupandisha amana, kwa mfano hadi senti 15 kama ilivyo kwa chupa za maji. Wenye viwanda huwa wanaanza kupiga hesabu, kisha wananyamaza. Chama chao kimewahi kukadiria kwamba chupa za bia zilizo mikononi mwa watu, madukani na viwandani zinafikia bilioni 4. Zote zililipiwa senti 8. Siku amana itakapopanda, kila chupa itakayorudi itadai senti 15, na tofauti ya senti 7 mara bilioni 4 ni Euro milioni 280, ambazo hakuna aliyezilipa na ambazo viwanda vidogo vya bia havina.